Mtunzi na Riziki Yake katika Pwani ya Kismayu na Visiwa vya Wabajuni

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara, lipo moja ambalo vitabu vya kufundishia fasihi havina jibu lake: Je, mtunzi hula nini? Mwanafunzi huliona jina juu ya jalada, akadhani kwamba mwenye jina hilo ana nyumba ya ghorofa mahali fulani, na kwamba kila kinaponunuliwa kitabu fedha humwingilia mfukoni. Nasi walimu, tukishughulika na vina na mizani, maudhui na wahusika, hulipita swali hilo kama kwamba si la adabu kuliuliza. Kumbe ni swali la historia, na historia yake katika mwambao wetu ni ndefu.

Katika makala haya tumekusudia kulifuata swali hilo mahali ambapo laonekana wazi zaidi, nako ni ncha ya kaskazini ya pwani ya Waswahili: kutoka Kiamboni, penye mpaka wa Kenya na Somalia, kupitia visiwa vya Wabajuni hadi Kismayu, na mbele yake Barawa. Huko maneno hayakupungua tangu zamani, wala watungaji hawakukosekana. Ila vitabu vya Kiswahili vilivyowafikia wenyeji vilipigwa chapa kwingine, na fedha zake zikahesabiwa kwingine.

Visiwa vyenyewe vimejipanga sambamba na bara: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, Fuma na vinginevyo vidogo vidogo. Wenyeji wake husema Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, nacho ni ndugu wa Kiamu na Kipate. Kazi zao zilikuwa bahari na vyombo vyake: kuvua, kukausha papa, kukata boriti za mikoko, kuuza magamba ya ng'amba, na kusafiri kwa majahazi kwenda Lamu na Mombasa. Wavuvi hao wana namna yao ya kumvua kasa ambayo wageni wengi wameiandika kwa mshangao. Humfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, mwenye kigandamizo utosini. Wakimwona kasa humwachia chazo majini, naye humwendea kasa akamgandama barabara, kisha mvuvi huvuta kamba taratibu. Kasa huingia chomboni. Chazo hurejeshwa majini angoje safari nyingine. Twaomba ruhusa ya msomaji tumrejee samaki huyu baadaye.

Na tuanze na sauti kabla ya karatasi. Wakulima wa Kibajuni walikuwa na vave, yaani nyimbo ziimbwazo usiku wa kuamkia siku ya kuuchoma msitu uliofyekwa kwa ajili ya shamba. Walikuwepo pia watungaji wa nyimbo za ngoma na za harusi, na mashaha waliojibizana kwa mafumbo. Mtu wa namna hiyo hakuwa bila malipo. Alituzwa papo hapo, mbele ya watu: fedha, nguo, sahani ya chakula iliyotengwa kwa heshima yake. Lakini yafaa tuangalie alilipwa kwa jambo gani. Alilipwa kwa kuimba, wala si kwa maneno. Wimbo ukishatoka kinywani ulikuwa wa kila aliyeuhifadhi, na aliyeuchukua hadi kijiji cha pili hakudaiwa hata senti. Hapana aliyeona dhuluma katika desturi hiyo, kwa sababu mtunzi hakutegemea wimbo kwa chakula cha kesho. Alfajiri alikuwa baharini kama wenziwe.

Karatasi ilipoingia ilileta gharama, na gharama ilileta malipo ya aina nyingine. Hapa hatuna budi kuutaja mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ambao katika karne ya 18 na ya 19 ulikuwa na sifa ya elimu na ya kazi za mikono, hususan ngozi na vitabu. Misahafu ya Siyu, yenye nakshi nyekundu, nyeusi na manjano, imebaki mpaka leo katika makumbusho na mikononi mwa watu, na wataalamu wa hati huiheshimu sana. Karatasi yake aghalabu ilitoka Italia, ikafika kwetu kwa biashara ya bahari. Kitabu kama hicho kilihitaji mnakili, mtia nakshi na fundi wa jalada, na wote watatu walikuwa na ujira wao. Mara nyingi mnakili aliandika jina lake na tarehe mwishoni mwa kazi. Kisha mwenye kitabu akakitoa wakfu kwa msikiti au kwa wanafunzi, na kitu kikishakuwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi.

Katika utaratibu huo mnakili alipata, fundi alipata, na aliyetoa wakfu alitaraji thawabu. Aliyetunga, ikiwa kitabu ni cha mashairi, alipata dua. Hata tenzi mashuhuri za karne ya 19 hazikumtajirisha mtu; Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alimtungia binti yake, wala si soko. Tangu hapo, basi, twaiona kanuni ambayo itaendelea kwa miaka mingi katika pwani hii, kwamba fedha ya kitabu humfuata aishikaye karatasi.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Yeye hakuwa Mbajuni, bali kazi yake ilihifadhi ushairi wa kaskazini nzima, pamoja na habari za Fumo Liyongo ambaye Wabajuni nao humhesabu kuwa wao. Kijuma alichonga milango, aliandika hati nzuri mno, alipiga muziki, na kutunga. Alikuwa mtunzi hasa. Lakini mlango ulimlipa kuliko utenzi, na utenzi wa watu wengine, akiunakili, ulimlipa kuliko wa kwake. Wazungu waliokuja kutafuta mashairi ya Kiswahili walimwendea yeye: Alice Werner, William Hichens, na baadaye Ernst Dammann, aliyekaa Lamu mwaka 1936 na 1937. Kijuma aliwanakilia kwa malipo, na hati zake zikasafiri hadi London na Ujerumani, ambako nyingi zingali zimehifadhiwa.

Malipo hayo yalikuwa ya mara moja. Nakala ikitoka mkononi, ujira umekwisha. Hichens alitoa Al-Inkishafi mjini London mwaka 1939. Dammann alitoa mkusanyo wake mkubwa wa mashairi ya Kiamu mjini Hamburg mwaka 1940. Mwaka 2010, miaka 65 baada ya kifo cha Kijuma, kilitoka huko Köln kitabu kizima juu ya kazi zake. Tusiwe wepesi wa kusema kwamba aliibiwa. Mtu yule alijua thamani ya mkono wake, na kwa viwango vya Lamu ya siku zile fedha ya posta kutoka Ulaya haikuwa haba. Tunalolisema ni kwamba aliuza kazi ya kalamu kwa kipande, kama fundi auzavyo mlango, na mlango ukishauzwa fundi hadai kitu kila mtu aupitapo.

Tukiipita Kismayu kwenda kaskazini twafika Barawa, mji wenye Kiswahili chake uitwao Chimiini, na wenye sifa ya kuzaa wanavyuoni. Riziki ya hao nayo ilikuwa na njia yake. Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyefariki mwaka 1869, na Sheikh Abdulaziz al-Amawy, aliyefariki mwaka 1896, wote wawili walizaliwa Barawa na wote wawili walikula kwa ukadhi chini ya masultani wa Unguja. Walitunga na kuandika, lakini kalamu iliyowalisha ni ile ya hukumu. Al-Amawy aliacha maandishi mengi ambayo hayakupigwa chapa. Waliobaki Barawa, kama Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919, na Sheikh Qasim aliyetunga kwa Kiarabu na kwa Chimiini, waliacha kasida ambazo watu wa mji walizihifadhi kwa moyo na kuziimba katika dhikri na maulidi. Mkusanyo mkubwa wa mashairi hayo ya Chimiini ulitoka Leiden mwaka 2018, takriban miaka 100 baada ya kifo cha yule bibi. Wakati huo waliokuwa wakiyaimba wengi wao walikuwa wametawanyika Mombasa, Uingereza na Marekani.

Ama Wabajuni wenyewe, wao walianza kuingia vitabuni kwa mlango wa nyuma. C. H. Stigand, ofisa wa Kiingereza, alieleza lahaja yao katika sarufi yake ya mwaka 1915. J. A. G. Elliot aliandika juu ya ziara yake visiwani katika jarida la chama cha Waafrika cha London mwaka 1925 na 1926. Mtaliani Vinigi Grottanelli alikaa nao mapema miaka ya 1950, na mwaka 1955 akatoa mjini Rome kitabu kikubwa juu ya wavuvi hao wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1957 Enrico Cerulli alichapisha, pia Rome, Kitabu cha Wazanji pamoja na tafsiri yake. Baadaye Derek Nurse alikusanya msamiati na masimulizi ya Kibajuni kwa miaka mingi na kuyaweka wazi kwenye intaneti, bila bei.

Katika kazi hizo zote wapo wazee waliokaa siku nzima wakieleza majina ya samaki, ya sehemu za chombo, ya koo na ya pepo za bahari. Siku ya kueleza si siku ya kuvua. Mtu akikaa nchi kavu siku 10 kwa ajili ya mgeni amepoteza siku 10 za samaki, na hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya kitabu, ingawa haimo katika hesabu za mchapishaji. Hapo ndipo tunapomkumbuka yule chazo. Hata hivyo, kwa haki, hao waandishi wa Ulaya nao hawakula kwa vitabu hivyo. Kitabu cha sarufi ya lahaja hununuliwa na maktaba chache. Mwandishi wake huishi kwa mshahara wa chuo au wa serikali. Tofauti ni kwamba yeye kitabu kilimpandisha cheo, na cheo kikampandisha mshahara. Mvuvi wa Chula hana cheo cha kupandishwa.

Kwa nini basi Kismayu haikupata watungaji wa vitabu vya Kiswahili kama ilivyopata Mombasa na Tanga? Wengine husema ni kwa sababu ya uchache wa watu, au kwa sababu Wabajuni ni watu wa mdomo kuliko wa kalamu. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Sababu iko katika mpaka.

Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia jimbo la Jubaland, pamoja na Kismayu na visiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1928, mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kuidhinisha vitabu vya shule kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kwa hiyo wakati soko la kwanza la vitabu vya Kiswahili lilipoumbwa, Kismayu ilikuwa nje ya ua. Mbajuni wa Faza au Kiunga alisomeshwa, aliposomeshwa, kwa vitabu vya Kiswahili. Nduguye wa Chula alikutana na Kitaliano. Mwaka 1948 ilianzishwa Nairobi Idara ya Vitabu vya Afrika Mashariki, ambayo iliwapokea watungaji wengi wapya hadi ilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mlango wake haukuelekea Kismayu. Na tarehe 21 Oktoba 1972 Somalia ilipoamua kwamba Kisomali kitaandikwa kwa herufi za Kilatini na kuwa lugha ya serikali, zikafuata kampeni kubwa za kufuta ujinga mwaka 1973 na tena 1974 hadi 1975. Lilikuwa jambo la fahari kwa Wasomali, na hakuna mwalimu atakayelibeza. Lakini mitambo ya serikali ilichapa Kisomali, na Kibajuni hakikuwa na fungu.

Hapa pana siri ya biashara hii ambayo wanafunzi wetu hawaijui. Katika Afrika Mashariki kitabu huishi kwa shule. Watu wanaonunua riwaya kwa kujiburudisha ni wachache, na hilo si jipya. Kitabu kikitiwa katika mtaala, hununuliwa kwa maelfu kila mwaka hata kama hakipendwi. Kisipotiwa, hulala ghalani hata kama ni lulu. Lugha isiyofundishwa shuleni, basi, haina mnunuzi. Lugha isiyo na mnunuzi haina mchapishaji. Na mtunzi wake, hata awe na kipaji cha namna gani, hana wa kumwandikia hundi. Msomali wa lugha ya walio wengi naye hakuwa salama sana. Nuruddin Farah, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945, alianza riwaya ya Kisomali gazetini mwaka 1973 na wakaguzi wakaikatisha. Jina lake lilijengwa na vitabu vya Kiingereza vilivyotoka London, cha kwanza kikiwa cha mwaka 1970.

Sasa na tujaalie kwamba Mbajuni wa Kismayu amevuka mpaka, akafika Mombasa na mswada wake mkononi. Yafaa tumhesabie.

Mchapishaji akimkubali atamwahidi mrabaha, ambao kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na pengine ya fedha zile tu zilizomfikia mchapishaji baada ya mwenye duka kukata robo au thuluthi yake. Tuchukue kiwango kilicho bora kwake, yaani asilimia 10 ya bei kamili. Kitabu kikiuzwa shilingi 500 za Kenya, yeye ana 50. Tuseme zimechapwa nakala 2,000 na mwaka wa kwanza zimeuzwa 600, jambo ambalo kwa kitabu kisicho cha shule si baya. Fungu lake ni shilingi 30,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 huondoa 1,500, hubaki 28,500, na hizo huja mara moja kwa mwaka, pengine kwa kuchelewa. Zikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 2,375 kwa mwezi. Mswada wenyewe huenda ulimchukua miaka mitatu.

Na tutazame upande wa pili. Sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya asilimia 16. Maana yake ni kwamba katika kitabu kile kile cha shilingi 500, kodi ilikuwa 80 na mtunzi 50. Hatujui biashara nyingine ambayo aliyetengeneza kitu hupata kidogo kuliko aliyekuja kukihesabu. Kisha liko tatizo la mashine ya kunakili, ambalo sisi walimu twalijua vizuri kuliko wengine: shule hununua nakala moja, na darasa la watoto 50 husoma karatasi zilizopigwa pini. Nakala zile 49 hazina mrabaha.

Huyo ni mtunzi aliyeandika kwa Kiswahili sanifu. Akitaka kuandika kwa Kibajuni chake, mchapishaji atamwambia kwa upole kwamba soko halipo, na atakuwa hakusema uongo. Njia iliyobaki ni kumlipa mpigaji chapa mwenyewe, kabla ya kazi kuanza, kisha kubeba maboksi nyumbani na kuuza mkononi, misikitini baada ya sala, harusini, na katika maulidi ya Lamu. Njia hii ina faida moja, kwamba fedha ya kila nakala humfikia mtunzi mara moja, kama tuzo ya ngomani. Hasara yake ni kwamba mtaji hutoka katika ada za watoto.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni ya wadogo tu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na baada ya hapo akaendelea na ukarani katika idara nyingine za serikali. Vitabu vyake vilitoka Johannesburg na London kwa wachapishaji mbalimbali: Pambo la Lugha mwaka 1948, Kusadikika mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952. Yule tunayemfundisha kama baba wa fasihi ya Kiswahili ya kisasa aliishi kwa mshahara wa ofisini, akaandika katika saa zilizobaki. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu. Nishani ya Nobel ilimjia mwaka 2021, akiwa na riwaya kumi nyuma yake. Na Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, ambaye Sambo ya Kiwandeo yake ilichapwa Leiden mwaka 1979, aliishi zaidi kwa ujuzi wake wa lugha na mapisi kuliko kwa vitabu vyake. Wataalamu wa dunia nzima walikuwa wakipanda ngazi za nyumba yake.

Zawadi zipo. Ile ya Mabati na Chuo Kikuu cha Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa kazi za Kiswahili, ilitoa dola 5,000 kwa mshindi wa kwanza, kiasi ambacho mrabaha wa mtunzi wetu wa mfano ungekifikia baada ya miaka mingi sana. Sisi twaipenda, tena twaona ndani yake desturi ya zamani iliyorudi kwa vazi jipya, yaani tuzo. Ila tuzo humwangukia mmoja, na mshahara hauwi tuzo.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, vita viliwafikia Wabajuni nao. Walinyang'anywa vyombo na nyavu, wengine waliuawa, na wengi walikimbia kwa majahazi na mashua hadi Kenya, wakakaa kambini Mombasa kwa miaka. Baadhi walirudi, baadhi walivuka hadi Ulaya. Huko Kibajuni kilipata bei ambayo haikupata kuwa nayo. Uingereza ilipowataka waombaji wa hifadhi wathibitishe kwamba wametoka visiwani kweli, wala si Wabajuni wa upande wa Kenya, zilitumika kampuni za uchambuzi wa lugha kusikiliza kanda za sauti zao na kuamua. Mwaka 2010 baraza la rufaa la uhamiaji la nchi hiyo lilitoa hukumu katika shauri la namna hiyo, na usemi wa mwombaji ulikuwa ndio kiini cha hoja. Hivyo msikilizaji wa Kibajuni alilipwa, mtaalamu wa Kibajuni alilipwa, wakili alilipwa. Mzee ambaye angeweza kuandika kamusi ya maneno yale yale hakuwa na aliyemgharimia hata daftari.

Limebaki suala la sheria. Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kazi za Kijuma, basi, ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 1995. Yeyote aweza kuzichapa. Lakini wimbo wa vave hauna tarehe ya kifo cha mtunzi, maana hauna mtunzi mmoja. Kwa nyimbo kama hizo Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na amali za kitamaduni. Sheria hiyo hutambua kwamba jamii ndiyo mwenye mali. Humtaka atakayeitumia kwa biashara apate kwanza idhini yake na kugawana nayo faida. Nazo serikali za kaunti hutakiwa kuweka daftari la amali hizo. Kwa mara ya kwanza, walau katika maandishi, mwenye maneno amewekwa mbele ya mwenye karatasi.

Wapo miongoni mwetu walimu ambao wangependa kuona vave na hadithi za Kibajuni zikiingia katika kitabu cha kiada, na sisi twaunga mkono. Lakini kabla ya mswada kupelekwa kwa mchapishaji, mkataba wake utapaswa kujibu jambo ambalo sheria ya 2016 haikulikata. Kiunga iko Kenya, katika kaunti ya Lamu, nayo yaweza kuandikisha vave yake. Kiamboni, mwendo mfupi tu kwa mashua, iko Somalia, na kaunti ya Lamu haina mamlaka huko. Wimbo ni mmoja, koo ni zile zile, na huenda mzee aliyeuimba mbele ya kinasa sauti Mombasa alizaliwa Chula. Fungu la jamii likitengwa katika mrabaha, ni nani atakayetia sahihi kwa niaba ya Chula?